Usiunganishe hayo mafaili matatu kabla hujazikagua tarehe

Simama hapo hapo, mkuu. Usibandike kitu. Umeandika kwamba una mafaili matatu ya Excel ya ununuzi wa parachichi, la Tukuyu, la Kiwira na la Busokelo, kila moja na karani wake, na kwamba leo usiku unayamwaga yote kwenye jedwali moja kwa sababu "tarehe zitajipanga zenyewe kwenye dashibodi", yaani ule ukurasa wa chati. Hazijipangi. Mwaka 2022 nilifanya hivyo hivyo, na bosi wangu akalipia malori yaliyokuja kulala Makambako bila mzigo.

Tulikuwa tunanunua viazi mviringo Makete na Wanging'ombe, vinashushwa ghala la Makambako, vinapakiwa kwenda Dar. Pale ghalani makarani walikuwa wawili, wanapokezana zamu, kila mmoja na laptopu yake. Wote waliandika tarehe kama tulivyofundishwa shule: siku, mwezi, mwaka. 05/03/2022 ni tarehe 5 Machi, nani asiyejua? Laptopu moja haikujua. Ilinunuliwa ikiwa na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, na hakuna aliyewahi kuugusa. Karani akiandika 05/03/2022, kwenye skrini anaona 5/3/2022, anaridhika, anaendelea na gunia linalofuata. Kumbe Excel imeshatunza tarehe 3 Mei.

Elewa hapa, maana ndipo penyewe. Excel haitunzi tarehe kama unavyoiona. Inatunza hesabu ya siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900. Tarehe 5 Machi 2022 ni 44625, tarehe 3 Mei 2022 ni 44684. Ukishaingia 44684, dashibodi yoyote duniani itakwambia Mei, na haitakuwa imekosea.

Sasa chukua 13/03/2022. Mwezi wa 13 haupo, kwa hiyo ile laptopu ikashindwa, ikaacha maandishi matupu. Tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Nilikuwa nayaona yale ya kushoto kila siku, nikadhani ni mapambo ya karani. Kwenye dashibodi mistari hiyo ikaleta kosa. Na hapa nina hasira mpaka leo na mkufunzi mmoja wa semina ya siku moja niliyohudhuria Mbeya mjini, ya kulipia, na chai ya saa nne juu. Alituambia mbele ya watu thelathini: "Mistari inayoleta kosa ifute tu, huwa ni takataka." Takataka! Zilikuwa tani za viazi zilizoingia kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa kila mwezi kwenye zamu za yule karani. Nikabonyeza, zikapotea, chati ikatulia, nikaona nimemaliza kazi.

Kilichobaki kikasambaa. Mzigo wa tarehe 6 Machi ukawa wa 3 Juni. Wa tarehe 8 Machi ukawa wa 3 Agosti. Wa 10 Aprili ukawa wa 4 Oktoba. Ununuzi wetu mkubwa ulikuwa Machi na Aprili, lakini chati ikaonyesha viazi vinaingia karibu mwaka mzima. Faili nilikuwa nimelifunga mwezi Mei, na tayari lilikuwa na mzigo wa Novemba mwaka huo huo. Sikuuona, kwa kuwa kwenye chati nilijumlisha 2021 na 2022 kwenye nguzo moja ya kila mwezi. Bosi akaangalia, akaona Juni hadi Oktoba mzigo upo, akatoa malipo ya awali ya malori mawili kwa miezi mitano.

Niligundua siku nilipoifungua chati kwa siku badala ya mwezi. Kila mwezi kuna vijiti viwili virefu kuliko vingine vyote, tarehe 3 na tarehe 4. Januari 3 na 4, Julai 3 na 4, Septemba 3 na 4. Mkulima gani wa Makete analeta viazi kwa mtindo huo?

Asije mtu hapa akasema ningegeuza tu. Nisingeweza. Nilikuwa nimeshabandika mafaili mawili kuwa moja, nimepanga kwa tarehe, nimehifadhi juu ya faili la zamani, na hakukuwa na kolamu inayosema mstari upi ni wa karani yupi. 4 Machi ilikuwa ya kweli au 3 Aprili iliyogeuzwa? Tukarudi kwenye vitabu vya stakabadhi, nakala za karatasi ya kaboni, usiku nne za mwezi Juni, na baridi ya Makambako mnaijua.

Kwa hiyo tarehe iwe kolamu tatu: siku, mwezi, mwaka, kila moja namba yake, kwenye kila faili peke yake, kabla halijakutana na jingine. Halafu unaziunganisha mwenyewe kwa fomula, =DATE(mwaka, mwezi, siku). Hapo hakuna laptopu itakayokubishia. Kama faili zima limetoka kwenye mashine yenye mpangilio wa Marekani, zile za kushoto zitenganishe kama zilivyo, zile za kulia zigeuze kwa =DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)), A2 ikiwa seli yenye tarehe. Inafanya kazi sasa tu, wakati bado unajua faili ni la nani. Na ongeza kolamu ya jina la kituo leo hii.

Mengine: mistari ya JUMLA itoe katikati ya data, la sivyo kilo zitahesabiwa mara mbili. "350kg" iwe 350. Ukikuta fomu za kurithi, angalia na mkoa. Sisi zetu zilikuwa bado na Makete chini ya Iringa, na Njombe ni mkoa tangu 2012.

Uliuliza pia kuhusu programu za kutengeneza dashibodi, Power BI au Looker Studio, na rangi za chati, na wajumbe wa bodi kuona kwenye simu. Tutafika huko. Kwanza fungua faili la Kiwira, kolamu ya tarehe, ondoa mpangilio wowote wa kulia, kushoto au katikati, halafu shuka mpaka mzigo wa kwanza wa tarehe 13 au zaidi. Umekaa kulia au kushoto? Piga picha uiweke hapa, niko macho.