Maswali ya Wasomaji: Breki za Upepo Zinazoshika Asubuhi

SWALI: Nina lori lenye trela moja linalobeba nafaka kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam. Likilala, asubuhi geji zote mbili za upepo huwa karibu na sifuri, na magurudumu ya nyuma hayazunguki mpaka injini ingurume kwa muda mrefu. Fundi mmoja anasema kompresa imechoka. Mwingine anashauri tuzibane springi za breki kwa boliti ili gari liondoke mara moja. Nimsikilize nani?
Mwenye lori, Makambako

JIBU: Wa pili usimsikilize kabisa, ndugu yetu, na wa kwanza mwombe athibitishe kabla hujatoa fedha. Kompresa huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, kazi yake imekwisha, kwa hiyo upepo unaopotea usiku kucha unatokea kwingine. Kompresa iliyochoka hujaza mitungi ya upepo polepole hata pasipo na mvujo, na mara nyingi hupitisha oili, ambayo utaiona ukifungua koki iliyo chini ya mtungi. Madereva wa Marekani hufundishwa kwamba, kwenye mfumo wa njia mbili, geji ipande kutoka paundi 85 hadi 100 kwa inchi ya mraba ndani ya sekunde 45 hivi injini ikiwa katika mzunguko wa kazi. Fanyeni kipimo hicho kwanza.

La kuangalia zaidi ni hizo geji mbili. Upepo ukishakaushwa unyevu huingia kwenye vali ya kugawa, ambayo katika malori mengi ya Ulaya huutenganisha katika njia nne: breki za mbele, breki za nyuma, handbreki pamoja na trela, na vifaa vingine kama klachi. Vali hiyo imewekwa ili njia moja ikipasuka, zilizobaki zisiishiwe upepo wote. Ingeshuka geji moja tu, tungetafuta kwenye njia yake peke yake. Lakini kwa kuwa zako hushuka zote, ama kila njia ina mvujo wake, ama vali ya kugawa haifungi sawasawa, ama panavuja kwenye vali ya mguu, yaani ya pedali ya breki, ambako njia zote mbili za breki hufika. Usiku mmoja lilazeni lori bila trela. Geji zikibaki juu, tafuteni kwenye hozi nyekundu inayopeleka upepo kwenye trela, viungio na vali za trela.

Kwa kupima, wekeni vigingi kwenye magurudumu, jazeni upepo, zimeni injini na kuachia handbreki. Kwa lori na trela moja, kiwango hichohicho cha Marekani hakiruhusu upotevu unaozidi paundi 3 kwa dakika, au 4 breki ikiwa imekanyagwa. Kisha pakeni maji ya sabuni kila kiungio, povu litawaonyesha. Si kazi ya gharama, na nashangaa mafundi wengi huiruka wakakimbilia kununua vipuri.

Kuhusu springi, magurudumu yaliyoshika asubuhi yanafanya yanayotakiwa. Upepo ndio unaoibana springi isishike. Ukiisha, springi hukaza breki. Kanuni ya gari kusimama upepo unapopotea si ngeni: George Westinghouse aliitumia katika breki za treni mwaka 1872, ingawa mitambo yake ilikuwa tofauti. Boliti ya kubania springi ni ya dharura, kwa mfano gari lililoharibika linapovutwa. Ukiteremka mlima Kitonga na mzigo huku springi zimebanwa, huna handbreki, na upepo ukikatika hakuna kinachobaki cha kulizuia gari. Wala fundi asithubutu kufungua chemba ya springi kwa spana. Springi hiyo ikiruka inaua.

Mvujo ukishazibwa, dereva amwage maji ya mitungi kila jioni. Yakitoka mengi ilhali kikaushio kipo, kichujio chake kimekwisha na kibadilishwe, kwa sababu maji hayo huozesha mitungi na kuharibu raba za ndani ya vali, na mvujo utaanza upya.