Kipikie saa saba mchana, si saa kumi na mbili asubuhi

Chakula cha shule kinachorudi nyumbani na mtoto mara nyingi hakikuwa kibaya. Kilikuwa kitamu kilipotoka jikoni alfajiri, lakini mtoto amekifungua saa saba, kimeshatoa jasho au kimekauka. Jumamosi moja pakia chapati kama unavyopakia siku za shule, iache mezani hadi saa saba, kisha ile wewe. Utajua mengi.

Chapati ya boga huvumilia safari. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kikombe kimoja cha boga lililochemshwa na kupondwa, vijiko viwili vikubwa vya mafuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Changanya unga na boga kwanza, ndipo uongeze maji ya vuguvugu kidogo kidogo, maana boga lina maji yake. Ukimimina kwa mazoea, donge litanata, utaongeza unga, na chapati zitakuwa ngumu. Kanda dakika 10, funika, acha nusu saa. Kikaango kiwe cha moto hasa, kwani chapati inayocheleweshwa kwenye moto mdogo hukauka. Zikiiva zipange moja juu ya nyingine, zifunike kwa kitambaa zijilainishe kwa mvuke wake, lakini usizifungie kwenye kontena kabla hazijapoa. Mvuke hugeuka maji, na chapati iliyolowa mtoto haigusi.

Ndani paka siagi ya karanga isiyo na sukari, ikunje, ikate vipande vya kushikika kwa mkono mmoja. Ulizia kwanza kama shule inaruhusu karanga, kwa sababu wapo watoto zinaowadhuru vibaya. Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano; humkaba.

Maharage, nyama au samaki ni lazima vikae moto. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, chakula cha namna hiyo kikiwa vuguvugu tangu asubuhi hadi mchana ni hatari, hata kama hakijaanza kunuka. Tumia chupa ya chakula inayotunza joto (themosi), yenye mdomo mpana. Ijaze maji yanayochemka, ifunge dakika 10, yamwage, kisha tia chakula kinachochemka hadi karibu na mdomo. Nafasi tupu hukipoza upesi. Wali wa nazi uache uwe wa nyumbani. Na wali uliolala nje usiku kucha usiupashe ukaupakia: sumu inayoachwa na baadhi ya vijidudu vya wali haiondoki kwa moto.

Pakia chungwa pamoja na maharage, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo kwenye chupa ya kunywea tia maji. Karoti na tango kata vijiti bila chumvi, kwa sababu chumvi huvuta maji na kuvilegeza. Ndizi iende na ganda lake.

Mwisho kabisa, mpe mtoto kontena afungue na kufunga mwenyewe mara tatu mbele yako. Mfuniko mgumu humfanya ashinde na njaa, chakula kikiwa mkononi mwake.