Barua kwa Mwanangu: Ukurutu wa Mtoto na Damu ya Ukoo

Marahaba mwanangu. Huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu na kila jioni anamuulizia mjukuu wake. Ujumbe wako nimeusoma, nikauweka, nikausoma tena. Unauliza kama huu ukurutu wa mtoto umetoka kwetu, maana wewe ulikuwa nao utotoni, mjomba wako ana pumu mpaka leo, nami vumbi likitimka ni chafya mtindo mmoja. Mama mkwe wako ameshasema mbele ya mawifi kwamba kwao ugonjwa huo haupo. Unauliza pia kama ni lazima uache mayai, samaki, maziwa na karanga kwa sababu unanyonyesha, na kama mtoto akianza kula umnyime vitu hivyo mpaka atimize miaka mitatu, kama jirani alivyokuambia.

Nitakujibu yote, ila naanza na jambo ambalo hukuliuliza. Katika picha uliyonitumia, kando ya beseni, nimeona tyubu ya krimu yenye sura ya mwanamke mweupe kwenye boksi lake. Hiyo usimpake tena, mwanangu. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka, yaani dawa za jamii ya homoni zinazotuliza uvimbe na muwasho. Ndiyo maana uliona mashavu yametulia upesi ukadhani umepata dawa. Ngozi ya mtoto wa miezi mitano ni nyembamba, dawa hupenya hadi kwenye damu, na ikiendelea kupakwa inaweza kulegeza tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini mwake. Tyubu yenyewe usiitupe. Itie kwenye mfuko uende nayo hospitali, daktari aone ni kitu gani hasa alichopakwa.

Sasa tuje kwenye damu.

Ndiyo, ukurutu wa aina hii hutembea ndani ya familia, pamoja na ndugu zake pumu na mafua ya mzio. Sitakuficha. Kule Denmark walichunguza mapacha, matokeo yakatoka mwaka 1993. Kwa mapacha wanaofanana, mmoja akiwa na ukurutu, mwenzake alikuwa nao katika asilimia 72. Kwa mapacha wasiofanana, asilimia 23 tu. Urithi unaonekana wazi hapo. Lakini wale wanaofanana wana vinasaba vilevile, wamekaa tumbo moja na mara nyingi wamekulia nyumba moja, na bado zaidi ya robo yao mmoja aliumwa na mwenzake akapona kabisa na balaa hilo. Mtoto wako amerithi wepesi wa kuupata. Ulijitokezaje, lini, na kwa ukali gani, hayo yana mkono wa mambo mengi ambayo wewe hukuyachagua.

Mwaka 2006 Irwin McLean na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walitoa jambo lililowageuza madaktari wengi. Kuna protini ya ngozi iitwayo filagrini. Inasaidia tabaka la juu la ngozi lishikamane, na ikivunjikavunjika hutoa vitu vinavyoshika maji ngozini. Waligundua kwamba watu wenye hitilafu kwenye jeni, yaani kinasaba, ya protini hiyo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata ukurutu, na karibu mtu mmoja kati ya kumi wenye asili ya Ulaya anayo hitilafu hiyo. Kabla ya hapo wengi waliutazama ukurutu kama ugonjwa wa kinga ya mwili unaojionyesha kwenye ngozi. Sasa ikabidi waitazame ngozi yenyewe: inapovuja maji na kukauka, vitu vya nje hupenya, na kinga ya mwili ikakutana navyo mahali pasipofaa.

Lakini waliochunguza wagonjwa wa Ethiopia, na Waxhosa wa Afrika Kusini, hitilafu zile za Ulaya karibu hawakuziona. Na hao Waxhosa walikuwa na upungufu wa mabaki ya filagrini ngozini vilevile, bila hitilafu kwenye jeni. Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu linaonyesha jinsi ngozi zetu zilivyochunguzwa kidogo. Nakuandikia ujue kwamba hakuna jeni moja ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole na kusema hii ndiyo ya akina fulani. Jeni zinazohusika ni nyingi, na nusu ya vinasaba vya huyo mtoto vimetoka kwa baba yake. Mama mkwe wako husema kwao ugonjwa haupo kwa kuwa anatafuta ngozi iliyochubuka. Muulize, kwa heshima na wakati mzuri, kama kwao kuna mtu anayebanwa na kifua usiku, au anayefikicha macho na kupiga chafya kila msimu wa vumbi. Daktari atakuuliza habari za pande zote mbili, kwa hiyo unahitaji jibu hilo. Ukiulizia kwa ajili ya daktari, hakuna atakayeona unamjibu mkwe wako.

Wala usijilaumu kwamba hukumpaka mafuta ya kutosha tangu alipozaliwa. Hilo nalo limepimwa. Uingereza walichukua watoto wachanga 1,394 kutoka familia kama yetu, zenye ukurutu, pumu au mafua ya mzio. Nusu wakapakwa mafuta ya kulainisha ngozi kila siku kwa mwaka mzima, nusu wakalelewa kawaida. Walipofika miaka miwili, asilimia 23 ya waliopakwa walikuwa na ukurutu, na asilimia 25 ya wasiopakwa. Hakuna tofauti ya maana. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2020, na utafiti mkubwa wa Norway na Sweden nao ukaona vivyo hivyo. Tafiti hizo hazikuonyesha kwamba mafuta huzuia ukurutu usije. Ukishakuja, hapo ndipo yanafanya kazi, na nitakueleza.

Umegusia pia dawa ya minyoo uliyopewa kliniki ukiwa mjamzito, kwamba umesikia ndiyo inayoleta ukurutu. Habari hiyo ina chanzo cha kweli, tena cha hapa jirani. Entebbe, Uganda, watafiti waliandikisha wajawazito zaidi ya 2,500 kati ya mwaka 2003 na 2005, wengine wakapewa dawa ya minyoo iitwayo albendazoli na wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto wa waliopewa albendazoli walikuwa na hatari ya ukurutu iliyokaribia mara mbili. Harriet Mpairwe na Alison Elliott ni miongoni mwa walioandika matokeo hayo. Wanasayansi wanadhani minyoo, kwa kuishi ndani yetu muda mrefu, huituliza kinga ya mwili. Ila watoto walewale walipotazamwa tena wakiwa na miaka tisa, dawa ile haikuonekana kuwa imewaongezea mzio. Na minyoo ya safura hunyonya damu. Mjamzito kukosa damu si jambo la kuchezea, nimewaona wodini walivyokuwa wakiletwa. Ulifanya vizuri kuimeza.

Kwenye chakula nataka unisikilize zaidi, maana naona umeshaanza kukonda.

Ushauri wa jirani yako haukutoka hewani. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishauri kwamba mtoto wa familia yenye mzio asipewe maziwa ya ng'ombe mpaka mwaka mmoja, mayai mpaka miwili, karanga na samaki mpaka mitatu. Mwaka 2008 wakauondoa ushauri huo, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba unasaidia. Mwaka huohuo Gideon Lack na wenzake wa London walionyesha kwamba watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israel. Asili yao inafanana. Tofauti kubwa waliyoiona ni kwamba Israel watoto hupewa vitafunio vya karanga wangali wadogo, na Uingereza wakati huo walikuwa wakinyimwa.

Wakaamua kujaribu. Walichukua watoto 640 wa miezi minne hadi kumi na mmoja, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai au vyote viwili, yaani wale hasa ambao mtu angewaficha karanga. Nusu wakalishwa karanga mara kwa mara, nusu wakanyimwa, mpaka miaka mitano. Mwaka 2015 wakatoa majibu: kati ya walionyimwa, asilimia 17 walikuwa na mzio wa karanga, kati ya waliolishwa, asilimia 3. Lack alikuwa ameona tangu 2003 kwamba watoto waliopakwa krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi iliyochubuka walikuwa kwenye hatari zaidi ya mzio huo. Kwa hiyo fikra ikawa hii: chakula kikimfikia mtoto kwanza kupitia ngozi mbovu, mwili hukichukia, kikipitia kinywani, mwili hukizoea.

Kwa hiyo wewe kula. Kula mayai, kula samaki, kunywa maziwa. Tafiti zilizokusanywa kuhusu kina mama wanaojinyima wakati wa ujauzito na kunyonyesha hazikuonyesha kwamba kujinyima kunamkinga mtoto na ukurutu, na mama anayenyonyesha kwa chai kavu na ugali ataishiwa nguvu. Maziwa yako si mabaya, asikwambie mtu. Kama kuna chakula ambacho kila ukila mtoto anaumuka vipele au kutapika, hicho kiandike umwambie daktari, lakini usiondoe sinia zima kwa kubahatisha.

Mtoto naye akifika miezi sita na kuanza kula, uji wa karanga tulioulea nao ukoo huu utamfaa, ila kwa sharti. Yeye tayari ana ukurutu, na kama daktari ataona ni mkali, atataka kwanza apimwe kabla hajaonja karanga au yai. Akiruhusu, karanga ziwe zimesagwa laini kabisa ndani ya uji. Karanga nzima asipewe, itampalia. Siku ya kwanza mpe kidogo, asubuhi, akiwa mzima, ukae naye. Akivimba midomo, akipumua kwa shida au akilegea, usingoje kitu, mkimbize hospitali.

Ngozi yenyewe, basi. Huko Dodoma uliko hewa ni kavu kuliko huku pwani, na kipindi cha upepo ngozi ya mtoto wa namna hii huteseka. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache, kwa sabuni laini isiyo na manukato. Sabuni ya mche weka kando, dodoki pia, na usitie dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga laini, usimfute kwa nguvu, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mwili mzima, kwa wingi. Rudia mara kadhaa kwa siku. Wifi yako alileta mafuta ya zeituni kwa nia njema, lakini Sheffield, Uingereza, waliyajaribu kwa watu wazima wakaona yanadhoofisha ngozi, kwa hiyo yaende jikoni. Mafuta ya nazi unaweza kuyatumia. Manila, Ufilipino, waliyajaribu kwa watoto 117 wenye ukurutu mwaka 2014 nayo yakasaidia kuliko mafuta ya madini. Ya karanga na ya ufuta usimpake.

Daktari huenda akampa haidrokotisoni ya asilimia moja. Hiyo ni steroidi dhaifu, usiiogope kwa sababu ya ile ya dukani. Watoto wengi huteseka kwa mama kuogopa dawa halali na kuipaka kiasi kisichofika popote. Minya krimu juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia ncha mpaka mkunjo wa kwanza: kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Paka kwa siku alizokuambia, mahali palipochubuka, kisha uache.

Jambo moja wanaweza kulipita hata wahudumu. Vitabu vingi vinasema ukurutu ni wekundu. Ngozi ya mjukuu wangu haitakuwa nyekundu; itakuwa na kijivu, au weusi uliozidi, au vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo, na pakipona huacha alama nyeupe au nyeusi kwa miezi. Alama nyeupe si ugonjwa mpya, zitarudi rangi yake. Lakini ukiona usaha, magamba ya rangi ya asali, au malengelenge mengi yanayouma pamoja na homa, siku hiyohiyo uende. Mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu, hata kama ni bibi mzaa baba.

Hapo hospitali uliza siku ya kliniki ya ngozi. Wakishindwa, wakuandikie rufaa ya Moshi; pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Ikifika huko nauli usiiwaze, nitakuja tufuatane.

Sasa nijibu haya nikajue: usiku anaamka mara ngapi kwa kujikuna, kucha zake umezikata, na baba yake analichukuliaje jambo hili? Hujamtaja hata mara moja kwenye ujumbe wako.

Mama yako,
Tanga