Unakwenda fildi, umebeba nini? Bwana shamba mstaafu anajibu

Kila ikifika Julai simu yangu hupata joto. Vyuo vimefunga, vijana wa kilimo wametawanywa vijijini kwa mafunzo ya vitendo, na maswali yananifuata hapa Gongo la Mboto kana kwamba bado nalipwa mshahara. Nimechagua machache. Yale ya "babu niandikie ripoti" nimeyaacha makusudi.

Shikamoo babu. Nimezaliwa Sinza, nasoma shahada ya kilimo mwaka wa pili. Nimepangiwa kijiji kimoja wilaya ya Mkuranga, wiki nane. Sijawahi kushika jembe. Nitaaibika?

Marahaba mjukuu wangu. Utaaibika, siku mbili tatu hivi, mpaka malengelenge ya viganja yapasuke. Mkulima hamcheki mtu asiyejua kulima. Anamcheka anayejifanya anajua.

Panda gari pale Mbagala Rangi Tatu mapema, ufike mchana. Barua yako ya chuo ipitie halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, na kijijini umkabidhi mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti naye umsalimie siku hiyo hiyo. Ukianza kuzunguka mashambani kabla hujajulikana, watu watasema umetumwa kupima viwanja, na wakishaamini hivyo hakuna atakayekuambia ukweli kuhusu shamba lake. Kwa watu wa Pwani waliokwisha kuona mabango ya viwanja yakiota kila kona, woga huo si wa kijinga.

Beba gambuti, kofia, tochi, daftari la kuingia mfukoni na tepu ya kupimia ya mita 50. Hiyo tepu usiiache, na nitakueleza kwa nini.

Ukimuuliza mkulima shamba lake lina ukubwa gani, atakuambia ekari mbili. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Wasomi wengi wanaicheka, lakini wazee hawakukosea: hatua yao ilikuwa yadi. Yadi 70 mara 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840. Tofauti ni ndogo mno. Tatizo huja pale kijana mwenye miguu mirefu kama ya korongo anapotembea hizo 70 kwa hatua za mita moja moja. Anapata mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047. Ameongeza moja ya tano ya shamba bila kujua. Kisha anamwambia mkulima anunue mbegu za ekari moja, mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mashina kama 18,000. Eneo alilopima linataka karibu 21,800. Mbegu zinaisha kabla ya mwisho wa shamba, mbolea inapungua, na jioni kijiwe kizima kinajua kwamba mtoto wa chuo hajui hesabu.

Kwa hiyo pima kwa hatua zako, kisha kwa hatua za mwenye shamba, kisha kwa tepu. Andika zote tatu. Muulize pia gunia lake ni la debe ngapi, maana hapo napo kuna maajabu.

Babu, tumefika kijijini mwezi wa saba, mahindi ya masika yameshavunwa, watu wamepumzika. Msimamizi anataka tuandike kila siku tulichofanya. Tunaandika nini?

Hili ndilo swali bora nililopata mwaka huu, na kosa si lenu. Kalenda ya chuo na kalenda ya mvua hazijawahi kukaa meza moja. Ukanda huu masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na ninyi mnapelekwa katikati, jua likiwaka. Lakini anayesema watu wamepumzika hajaingia kwenye mikorosho.

Julai mikorosho ya Mkuranga, Kisarawe na Kibiti inachipua na kutoa maua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unashambulia hivyo hivyo vichipukizi na maua. Mkulima anayepuliza salfa ya unga kuuzuia hutoka usiku, maana salfa inataka umande ili ishike kwenye majani, na inataka hewa iliyotulia. Ikifika saa mbili asubuhi, upepo wa bahari umeshaanza kumpelekea jirani salfa yake. Nendeni naye. Funga pua na mdomo, vaa nguo za mikono mirefu, hesabu amepuliza mikorosho mingapi, uliza ni raundi ya ngapi na kiroba cha salfa alikipataje. Hayo tu ni kurasa kumi za daftari.

Mihogo nayo inang'olewa. Kaa na kina mama wanapomenya, uombe mizizi ya kila shina ichanwe. Utaona mizizi mizuri kwa nje ambayo ndani ina mabaka magumu ya kahawia: huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Uliandikwa kitaalamu mara ya kwanza hapa hapa kwetu, kutoka Amani mkoani Tanga, mwaka 1936, na bado unatula. Ujanja wake ni kwamba shina linaweza kusimama vizuri na majani yakaonekana ya afya, kwa hiyo mkulima anachagua mbegu, yaani vipande vya shina vya kupanda, kwa kuangalia shina lililonyooka, na ugonjwa anaubeba begani mpaka shamba jipya. Mbegu ichaguliwe siku ya kung'oa, mzizi ukishapasuliwa na kuonekana mweupe. Hili mwanafunzi anaweza kulionyesha kwa panga, bila karatasi wala projekta, na mkulima ataliona kwa macho yake.

Kisha ghala. Ombeni kuona mahindi yaliyovunwa yamewekwa wapi, kwenye dari juu ya moshi, kwenye gunia la kawaida au kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mkiona unga mwingi chini ya gunia, mtafuteni dumuzi. Mdudu huyo alionekana nchini kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ninyi hamjazaliwa nilishamfukuza kwa nguvu zangu zote. Hajaondoka.

Mimi ni mkulima wa Kisarawe. Wanafunzi wanakuja kila mwaka, wanatuuliza tuna kuku wangapi na watoto wangapi, wanatuandika majina, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tunapata nini?

Ndugu yangu, kusema kweli, mara nyingi hamjapata kitu. Nimekaa kazini zaidi ya miaka thelathini na ripoti zangu nyingi ziliishia kwenye kabati ambalo funguo zake zilipotea.

Unayo haki ya kukataa kujibu, na kabla hujajibu una haki ya kuuliza: nani kakutuma, unataka majibu ya nini, na lini utaturudishia? Akibabaika, mpe maji ya kunywa umwambie aende akajipange.

Nanyi vijana, sikieni. Tangu serikali ilipoirudisha ruzuku ya mbolea mwaka 2022, mkulima huandikishwa kijijini ndipo apate namba ya kununulia. Kwa hiyo ukiingia na karatasi ukauliza jina, ukubwa wa shamba na zao, kwa mkulima hiyo ndiyo sura ya mbolea inayokuja. Usipomwambia mapema kwamba huna mbolea, umemdanganya hata kama hukufungua mdomo. Nimeona mama akiacha kufua nguo zake akakaa nusu siku na kijana mmoja, akimsubiri ataje siku ya mgawo.

Kurudisha majibu si kazi kubwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili: tulikwenda mashamba mangapi, tulikuta nini, nini kinaweza kufanyika kwa gharama ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Mwombe mtendaji akupe dakika kumi, au ukiwa umeshaondoka umwachie ausome yeye. Nakala moja ibandikwe kwenye mbao za matangazo. Wapo wasimamizi watakaosema haina maksi. Fanya tu.

Mwanangu wa kike amepangiwa kijiji ambacho sina ndugu wala jamaa. Naishi Kimara. Usiku silali.

Mama, nakuelewa. Usikubali apangishiwe chumba peke yake pembeni ya kijiji kwa sababu ni bei nafuu. Akae kwenye nyumba yenye mama mwenye nyumba, na mtendaji ajue ni nyumba ipi. Wawili kwenye kijiji kimoja ni bora kuliko mmoja mmoja. Shambani asiende na mwanamume mmoja asiyemjua, hata kama huyo ndiye mkulima bora wa wilaya. Aende na kikundi au na wanawake. Hawatamshangaa, hata mabinti wa kijijini ndivyo wanavyofanya. Na mpigie simu mama mwenye nyumba mwenyewe, msalimiane, mjuane. Mzazi akipiga simu, binti anaacha kuwa mpangaji na anakuwa mgeni wa watu.

Nimepangiwa ofisi ya wilaya. Wiki ya pili sasa natoa kopi na kununua chapati. Shambani sijaenda.

Kwa sababu pikipiki haina mafuta, na hawataki kukuambia. Mfuate afisa ugani wa kata moja kwa moja, sio mkubwa wake, umwambie utachangia lita moja na utaandika wewe ripoti ya ziara. Kesho yake mtakuwa shambani.

Shuleni tumefundishwa mistari na zao moja. Mkulima wangu anachanganya mahindi, kunde na maboga hovyo hovyo. Nimrekebishe?

Nikuambie yaliyonikuta. Mwaka 1978 nilitumwa Rufiji, kijana mwenye suruali bwaga na kitabu kilichosema mahindi hupandwa mvua zinapoanza. Mzee aliyenipokea alikuwa akipanda Juni. Mvua zimekwisha, yeye anachomeka mbegu kwenye tope, mto ukirudi nyuma. Nikamwambia, mzee wangu, unapoteza mbegu. Akaniangalia, akaendelea kuchomeka. Wao wanaita mlau: masika mto hufurika bondeni na kunywesha mpunga, maji yakishuka huacha unyevu na rutuba ya kutosha mahindi mpaka yakomae bila tone la mvua. Septemba nilikula mahindi yake ya kuchoma nikiwa nimekaa naye juu ya dungu, kitabu nimekiacha nyumbani. Hakunikumbusha niliyosema. Afadhali angenikumbusha.

Kwa hiyo uliza kwanza. Kunde zinafunika udongo na kuongeza naitrojeni, maboga yanazuia magugu, na mvua ikikatika mahindi yakafa, nyumba bado ina kitu cha kutia chunguni. Ukitaka kuonyesha mistari, omba kipande cha hatua kumi kwa kumi, ukipande wewe, mavuno yapimwe kwa debe lile lile.

Lakini kuna mahali pa kutonyamaza: sumu. Ukimwona mtu amepuliza mchicha asubuhi na kesho anauchuma kupeleka soko la Ilala, sema hapo hapo. Kila chupa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna na ina utepe wa rangi. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kijani ndiyo nafuu. Maandishi mengi ni madogo kama mayai ya chawa na mara nyingine si ya Kiswahili. Msomee. Nakuhakikishia hii peke yake ni sababu ya kutosha ya wewe kwenda fildi.

Bumu, pesa ya mkopo wa chuo, halijaingia, naishi Temeke. Chuo kinaruhusu nijitafutie mahali. Dar hii hii inawezekana?

Inawezekana. Msongola na Kimbiji kuna wakulima wa kweli, na daladala zinafika. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana kituo Mikocheni na kingine jirani, Kibaha. Peleka barua mapema, usiende wiki ya mwisho. Mchicha wa bonde la Msimbazi nao ni darasa, hasa somo la maji machafu.

Ila ningekuwa wewe ningeanzia sokoni. Shinda usiku mmoja Ilala au Mabibo, mzigo unaposhushwa. Uliza kabichi hii imetoka wapi. Wakisema Mgeta, uliza mkulima kauza shilingi ngapi, dereva kachukua ngapi, dalali ngapi, na imeoza ngapi njiani. Kisha tafuta nauli upande milima ya Uluguru kumwona huyo mkulima kwenye ngazi zake za mteremko. Utafika ukiwa na habari anayoitaka kuliko kitu kingine chochote: bei ya jana Dar.

Niende na zawadi gani?

Sukari kilo mbili na majani ya chai. Fulana za chuo ziacheni.

Mtandao upo huko?

Upo, chini ya mkorosho mmoja nyuma ya shule. Utawakuta watoto wameshakaa, na wao ndio watakaokuonyesha mkono uuinue upande gani.