Unacheza na watu 99 na hakuna anayejua jina lako

Kuna dogo mmoja wa Newala nilicheza nae PUBG Mobile, ile gemu ya simu ambayo watu 100 mnatupwa kwenye ramani mpigane kwa skwadi za wanne wanne, karibu mwaka mzima, kila usiku saa tatu mpaka saa tano, na yeye ndo alikuwa dereva wetu maana sisi wengine tukishika gari tunaishia kwenye mti. Siku moja hakuingia. Kesho yake pia hakuingia. Nikabonyeza kitufe, gemu ikanitafutia mtu wa kujaza nafasi, sekunde kumi hazikufika, tukaendelea kucheza kama kawaida. Ilipita kama miezi miwili ndo akarudi, nikamuuliza oya ulipotelea wapi, akasema baba yake alilazwa hospitali ya Ligula wiki tatu, yeye ndo alikuwa anamuuguza, alafu mzee akafariki wakamrudisha Newala kumzika.

Ligula hapa hapa Mtwara mjini. Mi nakaa Chikongola, ukichukua bodaboda ni dakika chache tu. Kwaiyo zile usiku nilizokuwa nimelala kitandani nalalamika kwamba yule dereva mpya hajui kuendesha, dogo alikuwa kwenye mkeka nje ya wodi mwendo wa dakika chache kutoka kwangu, hana ndugu mjini, na mi sikumpelekea hata chupa ya chai. Nilikuwa najua anapenda bunduki gani, najua akinyamaza ghafla ujue kaona adui, ila jina alilopewa na huyo baba yake sikuwa nalijua.

Hilo jambo limenikaa mpaka leo na ndo limenifanya nibadilishe namna ninavyocheza, ndo maana naandika.

Nirudi nyuma kidogo. Mi gemu za kucheza na watu nilizianzia intaneti kafe moja karibu na soko kuu, mwaka 2008, kompyuta sita zimeunganishwa kwa waya, Counter-Strike 1.6, gemu ya timu mbili kupigana kwa bunduki, hata intaneti haikuhitajika. Mia tano nusu saa. Mwenye kafe tulimwita Mjomba, alikuwa na daftari limekunjika pembe, kila anayeingia anaandikwa jina, na wewe unakaa kwenye benchi la nyuma unasubiri jina lako lifike huku unaangalia mabega ya wenzio wanavyocheza. Anayeshika mkia anaachia kiti. Hedifoni zilikuwa mbovu zote kwaiyo tulikuwa tunapiga kelele tu, yupo juu ya ngazi, yupo juu ya ngazi, na adui yako amekaa kompyuta ya pili anasikia kila kitu anacheka.

Alafu umeme. Miaka ile Mtwara na Lindi tulikuwa kwenye mtambo wetu wa gesi wenyewe, nje ya gridi ya taifa, ukikatika umekatika. Na ukikatika hakuna aliyeenda nyumbani, tunatoka wote barazani, mtu ananunua ming'oko ya kuchemsha kwa mama aliyekuwa anauza pale nje, tunakula huku tunabishania raundi iliyokatika nani angeshinda, lisaa lizima, na mjadala unahama unakuwa wa shule, unakuwa wa mpira, unakuwa wa nani anaumwa. Mi rafiki zangu wote wa kweli niliwapata kwenye lile giza na lile benchi, wakati gemu imesimama.

Siku moja dogo fulani hakuonekana siku mbili mfululizo. Mjomba akafungua daftari, akaangalia, akasema huyu mbona hayupo, wewe nenda kwao kamwangalie. Nikaenda, nikamkuta ana malaria kajifunika kanga ya mama yake. Nikarudi na majibu, Mjomba akaandika pembeni ya jina lake ANAUMWA, na alipopona alipewa nusu saa ya bure. Lile daftari limefanya kitu ambacho ile orodha yangu ya marafiki kwenye simu, ndefu kuliko lile daftari zima, haijawahi kufanya hata siku moja.

Sasa nini kilitokea? Sio Mtwara tu, dunia nzima wacheza gemu wanalia hiki kilio cha kucheza na watu wasiojuana. Chukua World of Warcraft, gemu ya kompyuta ya kucheza na watu wengi mtandaoni. Huku hatukuicheza, ilikuwa inalipiwa kila mwezi na nani alikuwa na kadi ya kulipia mtandaoni enzi hizo, ila nimeisoma sana kwa sababu inaelezea vizuri. Ilitoka Novemba 2004. Ukitaka kuingia kwenye mapango yenye majitu unahitaji watu watano, mmoja wa kupokea kipigo, mmoja wa kutibu, watatu wa kushambulia, na hao watu ulikuwa unawatafuta mwenyewe, unasimama kwenye mji wa ndani ya gemu unaandika kwenye chati tunatafuta wa kutibu, unasubiri, mnapatana, mnasafiri mpaka mlangoni. Ukiwa mwizi au mtukanaji seva nzima, yaani wote mnaocheza kwenye mtambo mmoja, inakujua na hakuna atakayekuchukua. Desemba 2009 Blizzard, kampuni yenye hiyo gemu, wakaweka kitufe cha kutafuta kundi. Unabonyeza, mashine inakukusanyia watu hata kutoka seva nyingine, mnatupwa ndani, mnamaliza, mnatawanyika bila hata salamu. Mwezi mmoja kabla yake, Novemba 2009, ikawa imetoka gemu ya vita Call of Duty: Modern Warfare 2, na kwa upande wa kompyuta wakaondoa zile seva ambazo wachezaji walikuwa wanakodi na kuziendesha wenyewe, kila seva ina mwenyewe, ina sheria zake na wateja wake wa kila siku kama kijiwe cha kahawa. Watu walilalamika sana. Haikusaidia.

Mi siwalaumu moja kwa moja waliotengeneza hivyo vitufe, mtu katoka kazini ana saa moja tu, ukimwambia asimame mjini dakika arobaini anatafuta wa kutibu utakuwa unamwonea. Ila ile shida ya kutafutana ndo ilikuwa inatulazimisha tuongee, tuvumiliane, tukumbukane. Ukiondoa shida unaondoa na sababu ya mimi kukuhitaji wewe. Na inaonekana hata wao walikuja kuliona, maana Agosti 2019 Blizzard walirudisha toleo la zamani, World of Warcraft Classic, bila kile kitufe, na watu walipanga foleni masaa kuingia.

Kwetu kwenye simu imekuwa mbaya zaidi kwa sababu zetu wenyewe. PUBG Mobile haina seva ya kwetu, tunachagua ya Ulaya au ya Mashariki ya Kati, kwaiyo ukijazwa na gemu unawekwa na watu ambao hamsikilizani lugha, kila mtu anazima maiki. Mnaambiwa mko watu 100 kwenye ramani na baadhi yao ni roboti tu zimewekwa kujaza. Alafu kuna misheni za kila siku na pasi za msimu, umelipia hela yako kwaiyo unaingia kumaliza kazi kabla msimu haujaisha, huingii kumuona mtu.

Basi nakupa ninavyofanya saivi, na sehemu ya kwanza ni ndogo mpaka unaweza kuidharau. Uliza jina. Mechi ya tatu na mtu mmoja, mkielewana, mwambie mimi naitwa fulani, niko Mtwara, wewe uko wapi. Wengine watanyamaza, wengine watatoka, sio mbaya. Wale watakaojibu omba namba ya simu, namba kabisa, usitegemee orodha ya ndani ya gemu kwa sababu gemu ni mali ya kampuni na siku ikizimwa orodha inazimika nayo. Waliokuwa wanacheza gemu ya mtandaoni City of Heroes waliamka Novemba 30, 2012 ikiwa ndo siku ya mwisho ya seva zao, na ilikuwa imedumu tangu 2004. Kama hamna mahali pengine pa kukutana basi mmeishia hapo.

Ya pili, kuwa na saa. Sisi ni Jumatano na Jumamosi saa tatu usiku. Tuko tisa, kuna fundi simu wa Masasi, mwalimu yuko Nachingwea, binamu yangu wa kike Lindi, dogo wa Newala, na wengine hapa mjini. Niliwahi kujaribu grupu la WhatsApp la watu zaidi ya mia mbili, likajaa matangazo ya kuuza akaunti na ya mikopo, wiki mbili likafa. Tisa wanatosha. Mmoja asipokuwepo pengo linaonekana, na hilo pengo kuonekana ndo nilikuwa nalitafuta. Na hiyo ratiba iendane na maisha ya watu wenu, sisi msimu wa korosho kuanzia Oktoba huko nusu ya grupu iko shambani kuokota na kubangaiza mnadani, kwaiyo tunabaki na Jumamosi tu na hakuna wa kulaumiwa.

Ya tatu, mechi ikiisha msikimbilie nyingine. Tuna sheria dakika tano mnabaki hapo hapo mnaongea. Mwanzoni ilikuwa kazi, watu wamezoea kubonyeza tu, ukimya unawatisha, mwalimu alikuwa anauliza jamani tunasubiri nini. Saivi hizo dakika tano zinafika ishirini. Hapo ndo nilijua fundi simu ana mke mjamzito na hapo ndo alituambia amejifungua. Hiyo ni baraza ya Mjomba, nimeirudisha kwa makusudi maana umeme siku hizi haunikatikii kwa wakati ninaoutaka.

Alafu kuna matusi, na hapa naomba nisikilizwe vizuri hasa na ndugu zangu wa kiume. Binamu yangu anacheza vizuri kunizidi, ila miaka mitatu alicheza bila kufungua maiki hata mara moja. Nilipomuuliza akasema ukisikika tu sauti ya kike skwadi nzima inageuka, mmoja anatukana, mmoja anatongoza, wa tatu anacheka. Miaka mitatu mtu anacheza kimya! Tulipoanza grupu kuna jamaa alimtolea neno chafu usiku wa pili tu, na yule jamaa alikuwa fundi wa kulenga hatujapata mwingine kama yeye. Nilimtoa usiku ule ule, bila mjadala, nikampigia simu nikamwambia kwa nini. Tulipoteza mechi nyingi baada ya hapo. Binamu sasa ndo anaongoza kwa sauti, yeye ndo anasema shukeni hapa, ingieni nyumba ile. Kama wewe ndo admini usisubiri, ukimwachia mtukanaji kwa sababu anaua sana basi umeshachagua nani abaki na nani aondoke.

Na asiyejua kucheza mpeni nafasi. Mjomba alikuwa anawarudishia kiti wale wanaopigwa kila siku, tulikuwa tunakasirika, saivi namuelewa. Mara moja kwa mwezi tunafungua chumba chetu binafsi kwenye Call of Duty: Mobile, tunagawana wakali na wabovu sawa sawa, hakuna ranki wala zawadi, na ndo usiku ambao hata asiye na bando anaenda kwa jirani kuomba.

Mkiweza onaneni uso kwa uso. Mei 2024 waya za chini ya bahari zilipopata hitilafu intaneti ikasumbua nchi nzima, sisi wanne wa mjini tukaambiana twende Shangani tukakae ufukweni. Mmoja akakumbuka Mini Militia, gemu ya zamani ile ya kurukaruka na bunduki, haitaki intaneti, mtu mmoja anawasha hotspoti wengine mnaungana. Tulicheza mpaka simu mbili zikazima chaji. Watoto wa pale wakatuzunguka wanaangalia mabegani mwetu, mmoja kama miaka kumi hivi akaniuliza, kaka na mimi zamu yangu saa ngapi, nikasikia mwili unasisimka kwa sababu hilo swali sikuwa nimelisikia tangu lile benchi.

Jumatano iliyopita saa mbili na nusu usiku dogo wa Newala alituma meseji kwenye grupu, leo siingii, mtoto ana homa tunampeleka zahanati. Nikampigia kwanza, akasema ni homa ya kawaida tu anaendelea vizuri. Wengine walikuwa na dharura zao kwaiyo tukaingia watatu, mimi, binamu na fundi, tukazima kile kitufe cha kujaza mtu, nafasi ya nne tukaiacha wazi. Gari aliendesha fundi. Tulishika nafasi ya 17.