Anza na dumu moja, mdogo wangu

Mdogo wangu, umesema umepanga chumba kimoja hapa Mbeya, uwanja wote saruji, na kila ukipiga magoti kusali mawazo yanakimbilia kwenye madeni. Pole sana. Nimepita humo.

Kilichonisaidia kutulia ni bustani ndogo ya kwenye dumu, isiyohitaji ardhi. Tafuta dumu la lita 20, likate juu, toboa matundu chini kwa msumari wa moto. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa, maana mbichi huunguza mizizi. Panda figiri au vitunguu vya majani. Dumu moja tu, madumu sita yatakuwa kazi nyingine ya kukuchosha.

Kila asubuhi, kabla hujashika simu, toka nje uzamishe kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, usimwagilie, kaa tu hapo. Mwezi wa saba, baridi ya huku inapouma, mimi hukuta tone la umande limetulia katikati ya jani. Nalitazama mpaka pumzi inashuka, na sala inakuja yenyewe, bila kuivuta. Wakati mwingine haina hata maneno.

Jua la asubuhi linafika mlangoni kwako? Niambie, nina miche ya kukugawia.