Jibu: Mbwa kwenye hema la kifahari, Lushoto

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kwenda Lushoto na watoto na mbwa, mlale kwenye hema la kifahari. Inawezekana, ila mwulize mwenye kambi kwanza: mbwa atalala ndani au nje? Msipange kupitia hifadhi ya taifa yoyote. Huko mbwa haruhusiwi.

Kinachosumbua zaidi ni barabara. Mombo, mji ulio chini ya milima, hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za kona tupu, na mbwa hutapika. Asile kwa saa 6 hivi kabla. Maji kidogo tu. Mfungeni kiti cha nyuma kwa mkanda wa kifuani, kamwe si wa shingoni.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe na wiki 3 au zaidi. Dawa ya kupe ya matone mpake siku 2 kabla, msimwogeshe katika siku hizo. Kila jioni mpapaseni masikioni na katikati ya vidole kutafuta kupe.

Kateni kucha, maana hupasua chandarua cha mlango. Juni na Julai usiku ni baridi kali: mpeni godoro na blanketi lake, lakini jiko la mkaa lisiingie hemani hata dakika moja, moshi wake usioonekana unaua. Matembezini afungwe kamba; kuna mbuzi na kuku wa watu.